Damu ya Siku Tisini

Tk.

Sauti ndogo, kama mfuniko wa kopo la chumvi unaobanwa kwa dole gumba. Haikaeli aliisikia gizani, usingizi ukiwa bado umemshika nusu, mtoto amelala kifuani pake mdomo wazi. Baada ya sauti ile zikaja hatua za kuburuza, pazia likasogezwa, kisha kimya. Alfajiri zote za uzazi wake alikuwa akiisikia, na kila alfajiri alijiambia ni mfuniko wa sufuria: Mama mkwe anaonja mtori wa ndizi. Mama ameamka kabla ya kuku kwa ajili yangu.

Kulikuwa na jambo jingine la alfajiri hizo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, kwa kuwa lilikuwa tamu na aliona haya. Mara nyingi, kabla ya sauti ile, alihisi kiganja cha mume wake kikiuchukua mkono wake wa kushoto na kuushika taratibu. Ndekirwa hakuwa mtu wa kushikana mikono. Tangu wachumbiane hakumshika hivyo zaidi ya mara mbili. Haikaeli alikuwa akiuacha mkono ulegee, asijifanye ameamka, asije akamtia aibu akaacha.

Raha ya kuangaliwa ilikuwa ngeni kwake. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa na miaka minne. Alipomzaa Aisaria, binti yake wa kwanza, walikuwa wamepanga chumba mjini. Alikaa wiki mbili kwa chai na mkate, akarudi kazini maziwa yakilowesha blauzi. Uzazi huu wa pili ulimkuta nyumbani kwa wakwe, huku juu migombani, Kilimanjaro ikiwa hapo nyuma ya choo kama jirani. Siku aliyotoka hospitali, mama mkwe alimpokea mlangoni akamwambia, "Safari hii utazaa kama watu wanavyozaa. Siku tisini hutagusa jembe wala ndoo. Mimi ndiye nitakayekulea."

Na alimlea. Asubuhi mlaso, ile damu ya ng'ombe iliyopikwa kwa maziwa na siagi ambayo wazazi wa huku wamelishwa tangu enzi, mchana mtori, jioni supu. Aisaria, mwenye miaka sita sasa, akahamishiwa kulala na bibi yake jikoni ili mzazi apumzike. Mashavu ya Haikaeli yakajaa, mikono ikalainika. Wanawake waliokuja kumwona walimbinya shavu wakamwambia Ndekirwa aanze kupanua mlango mapema, maana siku ya kumtoa huyu ndani itakuwa kazi ya fundi. Ulikuwa utani, na ilikuwa sifa. Mzazi akitoka mwembamba, aibu ni ya mama mkwe.

Leo ilikuwa siku ya tisini. Kesho angetolewa.

* * *

Mchana, mtoto alipolala, aliomba aletewe kibao chake cha kazi, kile cha kioo chenye kurasa za damu za kata. Haikaeli alikuwa msomaji wa damu wa kata nzima, na alitaka kujua kazi imelala wapi kabla hajarudi.

Kazi hiyo aliipata kwa masomo ya jioni. Miaka miwili, darasa la shule ya msingi, madawati ya watoto yakimbana magoti, Aisaria amelala juu ya kanga kwenye sakafu. Mwalimu wao alikuwa mzee mmoja mfupi aliyependa kugonga ubao kwa kifundo cha kidole. Mafuta ya mwili, alikuwa akisema, si gunia lililolala stoo. Yanazungumza. Yanamwaga protini kwenye damu, na protini hizo zinapita kila nyumba zikipeleka maneno: zinaliambia ini limwage sukari, zinaiambia misuli ijifanye haisikii insulini, zinachokoza kuta za mishipa mpaka zinavimba. Wanafunzi walizipa jina la wachonganishi. Walikuwa arobaini na mmoja. Kuna mnene ambaye hana hata mmoja aliyeamka, na kuna mwembamba ambaye amewabeba wote. Ndiyo maana mizani ya kilo ilistaafishwa, ikaja mashine ya kusoma damu; mchonganishi huonekana miaka kadhaa kabla kisukari hakijafika, na kabla moyo haujaanza kulalamika.

Lakini mwalimu yule hakuiabudu mashine. "Ikisema mzima na macho yakasema mgonjwa, amini macho," aliwaambia. Aliwahesabia dalili: miguu inayovimba jioni, mtu anayeomba mto wa pili, halafu wa tatu, halafu hawezi kulala chali kabisa, maana akilala maji yanampanda kifuani. Huyo moyo wake umeshachoka. Na sheria, akasema, ina mlango mmoja wa huruma: mwenye dalili ya macho hupokelewa hospitali siku hiyohiyo na kutibiwa mpaka apone, hata awe ameandikwa nini kwenye daftari, na maswali hayaulizwi mpaka atoke.

Kila jikoni kijijini kulikuwa na kisomadamu, kidude cha ukubwa wa mkate kilichoning'inia kati ya kalenda na kiberiti. Kila mtu mzima ana kijiti chake cha plastiki. Anakigusisha kidoleni kabla hajala, kinanyonya tone bila maumivu, anakichomeka ukutani. Nyumbani hapa cha kijani kilikuwa cha Haikaeli, cha kahawia cha mama mkwe, cha buluu cha Ndekirwa. Mashine yenyewe haikuwa na njia ya kujua damu ni ya nani. Kusoma vinasaba kulikatazwa na sheria, kwa kuwa siri ya ukoo si ya serikali. Iliamini rangi ya kijiti, na watu wa nyumba moja.

Haikaeli alifungua ukurasa wake akitegemea kuukuta mtupu. Mwanamke aliye ndani ya uzazi hapimwi.

Ukurasa ulikuwa na mistari tisini, na yote ilikuwa myekundu.

Aliisoma mara ya kwanza kama mtu anayesoma barua ya jirani iliyoletwa kwake kimakosa. Wachonganishi thelathini na wanane wameamka. Wa sukari, juu. Wa mishipa, juu. Ile protini ambayo moyo unaitoa ukizidiwa na mzigo ilikuwa inapanda wiki hadi wiki. Chini kabisa pameandikwa uamuzi unaosubiri kesho: sindano za kila wiki, mtoto aachishwe ziwa kwa kuwa dawa inapita kwenye maziwa, na miezi minne katika Nyumba ya Kupungua huko tambarare. Nafasi yake ya kazi itatangazwa.

Akaitazama mikono yake minono. Mlaso, akawaza. Nimekula mpaka nimejiua. Machozi yalikuwa yameshafika, na pamoja nayo ile aibu ya mtu aliyefurahia kupendwa kupita kiasi.

Kilichomwokoa ni mazoea ya kazi. Mashine hupima wale arobaini na mmoja tu, lakini huhifadhi na protini nyingine zote, lundo ambalo wasomaji wanaliita mabaki na ambalo hakuna anayelifungua. Haikaeli alilifungua. Alitafuta protini inayoita maziwa, ile isiyokosekana kwa mwanamke anayenyonyesha. Haikuwamo. Siku tisini mtoto ananyonya usiku na mchana, na damu yake haina habari ya maziwa.

Alifungua ukurasa wa mama mkwe. Safi siku zote tisini, bila mstari mwekundu hata mmoja, hata karani wa wilaya alikuwa ameandika pembeni kwa mzaha kwamba bibi huyu unene wake ni wa heri. Haikaeli akashuka kwenye mabaki. Pale, katika damu ya mwanamke wa miaka sitini na sita, protini ya maziwa ilikuwa imejaa tele.

Aliugeuza mkono wa kushoto akaupeleka kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye kidole cha pete, ubavuni, vitone vidogo vilikuwa vimepangana kama mshono. Aliwahi kuviuliza. Mama alimwambia ni joto la uzazi.

Kijiti kikishashiba hujifunga chenyewe kwa sauti ndogo. Yeye ndiye aliyewafundisha wanawake wa kata nzima kuisubiri sauti hiyo.

"Tk," alisema kwa mdomo, peke yake chumbani.

* * *

Mzazi hatoki kabla ya siku yake, lakini Haikaeli alitoka. Alimkuta Ndekirwa nyuma ya nyumba akikata majani ya mgomba ya kupambia mlango. Mumewe alipomwona amesimama juani bila kanga ya kichwa, mtoto begani, alijua. Panga aliliweka chini polepole.

Hakukana. Hilo Haikaeli alilikumbuka baadaye, kwamba hata kukana hakujaribu. Alieleza akitazama mizizi ya mgomba. Wiki ileile aliyojifungua, kipimo cha Mama kilitoka chekundu, na wito ukaja wa kumpeleka Nyumba ya Kupungua. Mama akaukunja akautia kwenye jiko. Akasema mkwe wake hana mama, na mtoto wa kwanza alizaliwa kama mtoto wa njiani. Uzazi huu wa pili hatalishwa na mgeni. Siku tisini tu, akasema. Nipeni siku tisini, nikishamtoa nitakwenda mwenyewe.

Basi damu ya Haikaeli ikaingia kwenye kijiti cha kahawia, Mama akaonekana mzima, wito ukafutwa.

"Na ya Mama kwa nini mkaitia kwangu?" aliuliza Haikaeli.

"Ukurasa wako ulikuwa mtupu," alisema Ndekirwa. "Tuliiweka humo ipate pa kukaa. Siku akienda kutibiwa, kumbukumbu isiwe imepotea. Tulijua ya mzazi haihesabiwi. Wewe mwenyewe ndiye uliyeuandika ule ukuta."

Ni kweli aliuandika. Ukuta wa zahanati, kwa rangi nyeupe na brashi ya kuazima, herufi kubwa ili na bibi asiye na miwani asome: DAMU YA MZAZI HAIHESABIWI SIKU TISINI. Alikata maneno mengine yasiwachoshe watu. Hakuandika kwamba siku ya tisini na moja kilichomo ukurasani kinahesabiwa chote kwa mpigo, kwa sababu nani angeweka kitu mle.

Alimweleza hayo kwa sentensi chache, akaona uso wa mume wake ukibadilika. Sindano, ziwa, miezi minne. Na wakisema ukweli, kifungu kile alichokuwa akiwasomea watu kila mwaka: aliyeficha damu yake kwenye kijiti cha mwingine hutolewa kwenye matibabu ya bure miaka mitatu. Kwa mistari ile aliyoiona, Mama asingeumaliza hata mmoja.

Ndekirwa aliuliza kama hakuna njia ya kufuta. Yeye si ndiye msomaji? Haikaeli alikuwa anaombwa wizi urudiwe, mara hii kwa mkono wake mwenyewe.

"Alfajiri," alisema, "ulikuwa unanishika mkono."

"Ili usishtuke."

"Mimi nilidhani unanishika mkono."

Akageuka akarudi ndani. Nyuma yake hakusikia panga likiinuliwa.

* * *

Mama mkwe alikuwa jikoni, kwenye kiti chake kikubwa cha mikono kilichosogezwa karibu na jiko, mito mitatu mgongoni, blanketi limekunjwa miguuni. Alishasema tangu mwanzo kwamba analinda sufuria. Bakuli la mwisho la mlaso lilikuwa tayari mezani, limefunikwa kwa sahani. Haikaeli aliuona mvuke wake, akaona mito, akaona buti za mvua ambazo Mama hakuzivua hata ndani ya nyumba, na hakuna alichokitia akilini. Hasira ilikuwa imemjaa machoni.

Aliweka mkono wake wa kushoto mezani, kidole cha pete mbele.

Mama alikiangalia. Alikohoa kidogo, akasema ni moshi. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyapanga maneno zamani, "Nilikulea, mwanangu. Hilo si uongo."

"Si uongo, Mama."

"Hakuna bakuli nililokupa kwa hila."

"Ungeniomba," alisema Haikaeli. "Ungeniambia, Haikaeli, naumwa, nipe kidole. Ningekupa vyote kumi."

Mama alitikisa kichwa. Alisema ndiyo maana hakuomba. Haikaeli angejua mkwewe anaumwa, asingekaa kitandani. Angeamka siku ya tatu akamate ndoo, amhudumie yeye. Mzazi anayemhudumia mkwewe, ni uzazi gani huo? Alilisogeza bakuli kidogo. Haikaeli hakulichukua. Siku tisini alikuwa hajawahi kulikataa.

Kabla hajatoka, alimwambia mama mkwe yale mambo mawili aliyokwisha kumwambia Ndekirwa, la ziwa na la miaka mitatu. Mama alisikiliza hadi mwisho. Alichukua mwiko akaanza kukoroga sufuria isiyokuwa na kitu cha kukorogwa.

Jioni hiyo Haikaeli alikaa na mtoto akilipima jambo kila upande. Akinyamaza, ugonjwa si wake lakini dawa itakuwa mkononi mwake. Angeweza kumpa Mama sindano kwa siri, yeye akabaki na matiti yaliyofungwa kwa kitambaa na jina chafu kwenye daftari. Akisema, atabaki na mtoto wake na kazi yake, na Mama atakufa kwa ukweli wake. Kilichomuuma hakikuwa kukosa jibu. Ni kwamba waliompenda ndio waliomfikisha hapo, wawili, alfajiri tisini, wakinyata ili asiamke, na hakuna hata alfajiri moja aliyoamshwa kuambiwa.

Aliamua kitu kimoja. Hatasema yeye kwanza. Mmoja wao aseme. Mmoja tu, ajue kwamba bado ana watu.

* * *

Walimtoa saa nne asubuhi, amepakwa mafuta, kitenge kipya, mtoto ubavuni. Wanawake walipiga vigelegele, na mmoja wao mwenye utani alipita akaupima mlango kwa shubiri watu wakacheka. Mtaalamu Kashindye, mwanamke mrefu aliyetumwa na wilaya, alikuwa amefika kwa pikipiki ya umeme na kuiegesha pembeni kwa adabu, akisubiri ngoma itulie. Alikuwa akimpenda Haikaeli. Ndiye aliyemsimamia mtihani wa mwisho, na ilionekana kazi ya leo haimpi raha.

Aliomba watu wa nyumba tu waingie jikoni. Akasoma uamuzi kwa sauti ya chini, bila kumkazia macho. Thelathini na wanane. Sindano. Ziwa. Miezi minne. Akamwekea kibao mezani pale palipokuwa na bakuli jana, kioo kikisubiri dole gumba la kukubali.

"Kabla hajaweka kidole," alisema, "utaratibu unanitaka niulize mara tatu. Kuna mwenye neno katika nyumba hii?"

Haikaeli alimtazama Ndekirwa. Ndekirwa alikuwa akitazama kucha za mikono yake kama zimeota leo.

"Kuna mwenye neno?"

Akamtazama mama mkwe kwenye kiti chake kikubwa. Mama alikuwa ameushika mwiko kwa mikono miwili. Midomo yake ilitembea, pumzi ikaja fupi, na machozi yakamshuka mashavuni bila sauti. Neno halikutoka. Haikaeli alisubiri. Alisubiri kama mtoto anavyosubiri mlangoni mtu aliyeahidi kurudi, na alipoona basi, kitu ndani yake kikajifunga chenyewe, kwa sauti ndogo aliyoijua.

Akamkabidhi mtoto kwa Ndekirwa bila kumwangalia. Akainua mkono. Ulikuwa ule wa kushoto. Kivuli cha dole gumba kikatua kwenye kioo.

"Mara ya mwisho," alisema Kashindye, na sauti yake ilikuwa karibu ya kuomba. "Kuna mwenye neno?"

Aisaria alikuwa amekaa chini kando ya kiti cha bibi yake, ameegemea buti moja ya mvua. Hakuelewa wachonganishi wala kifungu cha sheria. Alisikia tu kwamba mtu mwenye pikipiki anauliza kama kuna mwenye neno, na kwamba wakubwa wote hawana. Yeye alikuwa nalo. Alikuwa nalo siku nyingi, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Aliinua mkono kama darasani.

"Bibi siku hizi analala ameketi."